Kisima Kilichohitaji Kupumzika

Kila asubuhi Otilia alipika uji mwingi kuliko tumbo lake. Hakuwa mlafi. Mumewe, Felisiani, alikuwa amefariki. Mwanawe, Edwin, alikuwa akivua samaki huko Wampembe, Ziwa Tanganyika, na alipiga simu pale alipokumbuka. Uji ule ulikuwa wa wageni, na wageni walikuja kwa sababu ya kisima.

Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba yake. Kilichimbwa kwa mashine zamani, ili kijiji kipate maji ya kunywa. Yakatoka maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Wachimbaji wakaweka mfuniko, wakaondoka. Lakini baridi ya Ufipa haina adabu. Akina mama wakaona maji yale yanafaa kuogeshea watoto. Waliyachota kwa kopo jembamba lililofungwa kamba. Wakisubiri zamu, walikunywa uji, wakacheka, wakasengenya kidogo. Jua likipanda, kila mmoja alikwenda shambani, na Otilia akabaki na masufuria.

Siku moja alikuja Margareth, mtaalamu wa jotoardhi. Gari lake lilijaa vumbi la kutoka Sumbawanga.

"Shikamoo mama. Nimekuja kutafuta jotoardhi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uji. Hiyo jotoardhi ndiyo nini?"

"Ni joto lililo chini ya ardhi. Kule Mbeya kuna milima ya volkano. Huku kwetu ardhi imepasuka kandokando ya bonde la Rukwa. Joto likiwa jingi, na maji yakapita kwenye nyufa za mwamba, tunaweza kupata umeme."

"Na wewe utalionaje?"

"Nitateremsha kipimo kisimani kwa waya. Kitasoma joto kuanzia juu hadi chini. Kipimo kingine kitaonyesha aina ya mwamba, na mahali ulipopasuka."

"Si utie mkono tu? Maji si ya moto?"

Margareth akacheka. "Mama, mkilima matuta mnafukia majani. Udongo wa juu ukiugusa, ukoje?"

"Wa baridi."

"Na ukichimbua katikati?"

"Kuna fukuto."

"Basi. Mkono wa juu haujui ya chini."

"Na mkilikuta joto hapa?"

"Tutachimba kisima kirefu zaidi. Itajengwa kambi ya wafanyakazi hapahapa."

Margareth aliendelea kueleza, lakini Otilia hakusikia tena. Alikuwa ameshika neno moja tu: kambi. Watu mchana, watu jioni, sauti nje ya dirisha lake! Alimwomba Mungu joto lile liwe jingi.

Margareth aliahidi kurudi na vipimo wiki iliyofuata. Otilia akamwita jirani yake, Fransiska.

"Mgeni haletwi kwenye chemchemi chafu," alisema. "Twende tukisafishe kisima."

Ndivyo walivyofundishwa na mama zao. Walichota asubuhi nzima, wakamwaga, wakachota tena. Walifagia mpaka majani yakaisha. Margareth alipofika, walimpokea kwa magoti na makofi ya taratibu, kama ilivyo desturi.

Kipimo kiliteremka. Margareth akatazama kompyuta yake, akakunja uso. Joto lilikuwa karibu sawa juu na chini.

"Nani amechota maji haya?"

"Sisi!" alijibu Fransiska kwa fahari. "Tumekusafishia."

Margareth akakaa chini. "Mmeniheshimu, mama zangu, lakini maji yamekorogeka. Ya chini yamepanda, ya juu yameshuka. Sasa sijui joto halisi liko wapi. Kosa ni langu, sikuwaambia. Kisima kiachwe mwezi mzima, kisiguswe, mpaka maji yarudie joto la mwamba unaoyazunguka. Nani atakilinda?"

Wote wakamtazama Otilia. Naye akakubali.

Lo, mwezi ule! Asubuhi ya kwanza alipika uji kama kawaida, akawamwagia kuku. Asubuhi zilizofuata alipika kikombe kimoja. Jumapili kanisani Fransiska alimwambia, "Tutakuja kukuona, mama Edwin." Hakuja. Hakuna aliyekuja. Otilia akaelewa, na kuelewa kule kulimuuma: walikuwa wanafuata maji, si yeye.

Siku moja ya upepo mkali alishika kopo na kamba. Makopo machache tu, halafu awaite. Wangekuja mbio. Nani angejua?

Kipimo kingejua. Na yeye mwenyewe angejua. Alirudisha kopo ndani, akakaa mlangoni, akalia bila kujificha, maana hapakuwa na wa kumwona.

Mwezi ulipoisha, Margareth alirudi. Safari hii kipimo kilisema kitu kinachoeleweka. Joto lilipanda mpaka kwenye ufa wa mwamba. Chini ya ufa, likapungua.

"Limepungua?" Otilia aliuliza.

"Ndiyo, mama. Maji ya moto hayatoki chini ya nyumba yako. Yanapita tu kwenye ufa huu, yakitokea mahali pengine. Nikilinganisha na vipimo vingine, naona tutafute ng'ambo ya kilima. Tungechimba hapa, tungepoteza kazi bure. Wewe umetuokoa."

"Kwa hiyo kambi haiji."

"Haiji. Lakini kisima ni chenu sasa. Ogeni."

Otilia alikitazama kilima. Kisha akasema, "Huko ng'ambo nako kuna kisima?"

"Kipo, cha wafugaji. Wamesikia tutakuja kukipima."

"Watakisafisha. Twende nikawaambie."

Gari lilizunguka kilima. Akina mama walikuwa wamekwisha kukusanyika na ndoo zao. Otilia alishuka, akawasalimu, akawaeleza habari ya maji yaliyokorogwa na maji yaliyotulia. Walisikiliza, wakaweka ndoo chini.

"Atakayekilinda ni Salome," alisema mmoja wao, akimwonyesha mama mzee aliyesimama pembeni. "Anaishi hapo karibu, peke yake."

Otilia alimtazama mama yule.

"Kisima kiacheni kitulie," aliwaambia. "Yeye msimwache. Njooni hata kama hakuna maji."

Akina mama wakatazamana. Salome akaingia nyumbani kwake kutafuta kigoda cha mgeni, na Otilia akamfuata kumsaidia kukoka moto.