Anwani Iliyoachiwa

Saa saba mchana, mtaa wa Digbeth, ughaibuni.

Valère aliueleza mpango mara moja tu, amesimama katika chumba cha nyuma nyumbani kwa Edah, bado amevaa suti ya kanisani. Ghala la nyaya za shaba, mtaa wa Washwood Heath. Jumapili halina mtu. Edah angeingia kwenye mtambo wa ghala kwa kompyuta yake, azime ving'ora na kufungua lango. Mtambo huo huishtukia upesi anwani ngeni, ile namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni, na kuifungia nje. Basi wakati Valère yuko ndani, Edah angeachia anwani ya kompyuta, aombe nyingine mtandaoni, arudi kama mgeni mpya na kumfungulia atoke. Akichelewa, lango linajifunga na ving'ora vinaamka.

Valère haibi bila maombi. Walishikana mikono, yeye, Edah na Ngugi dereva, majambazi watatu wamefumba macho. Akamwombea Shem, ndugu yake Edah, aliyefungwa miaka sita kwa kazi yao iliyopita.

"Baba, umukumbuke Shem, ule balikamata miguu mutupu ku ngazi."

Edah aliitika amina, damu ikimchemka. Shem alivua viatu ngazini ili mlinzi asimsikie. Alimsimulia Edah peke yake, gerezani, kwa aibu. Valère siku zote aliapa kwamba wakati ule alikuwa garini, mtaa wa pili. Basi alijuaje? Mnafiki mkubwa.

Saa nane.

Lango lilifunguka. Ngugi alibaki nje kwenye gari, Valère akaingia na toroli. Edah, nyumbani kwake, akaandika amri ya kuachia anwani. Iliyobaki ilikuwa amri moja fupi, ya kuomba mpya. Akakunja mikono.

Valère akapiga simu.

"Edah, mulango imejifunga."

"Najua. Ni wewe uliuza Shem kwa polisi?"

Kisha ving'ora vikaanza kulia nyuma ya sauti yake.

"Balinishika na makaratasi ya kukaa huku. Balisema batanirudisha Goma na batoto. Ningefanya je? Fungula, dada."

Edah alitaka Valère akane. Angekana, ingekuwa rahisi kumchukia. Watoto wale aliwajua. Yule binti mdogo, Edah ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. Vidole vikagusa kibodi, vikaanza kuandika. Ndipo akamkumbuka mama yake na Shem huko Kisii, anayedanganywa kila wiki kwamba Shem yuko masomoni. Hasira ikampanda upya. Akachomoa waya wa kompyuta ukutani.

Alijua Valère atamtaja kwa polisi. Na amtaje.

Akampigia Ngugi, akamwambia aondoke hapo mara moja, asiulize kitu.

Ngugi alifika kwa Edah akihema, jasho limelowesha kola ya shati lake la kanisani. Aliitazama kompyuta iliyozimika, kisha akamtazama Edah.

"Umenitoa huko bila Valère. Ako wapi?"

"Ako mahali aliacha Shem."