Sidii ya Tano

Jioni ile nilitoka kwenda kununua sidii tupu. Jumamosi nilikuwa na harusi Wanging'ombe na nyimbo bado sijachoma. Duka lenyewe liko karibu na stendi ya Makambako, na mwenye duka akifunga amefunga, hata ulie. Nilimkuta ameshika kufuli. Nikachukua boksi moja, nikarudi nyumbani kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshashuka. Mwezi wa saba kwetu, saa kumi na mbili na nusu humwoni mtu mpaka akukanyage.

Mama alikuwa jikoni uani, anapuliza moto. Nikamsalimia, nikaingia chumba changu cha kazi, nikawasha taa.

Juu ya meza palikuwa na sidii moja.

Nilipotoka meza ilikuwa tupu. Nina hakika.

Nikasogea. Harufu ya maka peni ilinipiga puani, ile harufu kali inayopanda kichwani. Wino ulikuwa bado unang'aa. Maandishi ya kijani yalizunguka tundu la katikati, madogo, yamenyooka: "Kuingia bibi harusi, taratibu." Na juu ya kila i, badala ya nukta, kulikuwa na kiduara.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anaandika i hivyo. Mdogo wangu, Idda.

Na Idda tulikuwa tumemzika kijijini kwetu, Yakobi, wiki sita kabla ya jioni ile.

* * *

Mimi ni Ambrosi. Miaka ile watu wa Makambako na Njombe walinijua kama DJ Ambro. Flashi zilikuwa zimeanza kuingia, lakini mashine zangu zilikuwa za sidii, na kila wimbo nilichoma mwenyewe kwenye kompyuta. Kuchoma ilikuwa kazi yangu. Kuandika ilikuwa kazi ya Idda.

Mwanzoni niliandika mwenyewe kwa kalamu ya kawaida. Inakwaruza, wimbo unaanza kurukaruka. Nikajaribu karatasi za kubandika. Mashine ikipata moto gundi inalegea, karatasi inavimba, sidii inang'ang'ania ndani mbele ya wageni mia tatu. Idda akaninyang'anya kazi. Alisema iandikwe kwa maka peni laini tu, karibu na tundu. Kijani ni kuingia maharusi, bluu ni chakula, nyekundu ni kucheza. Nyeusi ni misiba. Hata gizani, kwa mwanga wa simu, nilikuwa nachomoa sidii bila kukosea.

"Usiishike kwanza, kaka," alikuwa akiniambia kila mara. "Wino haujakauka."

Idda alikuwa na pumu.

Siku aliyofariki nilikuwa napiga muziki kwenye harusi Njombe mjini. Asubuhi alinikabidhi mkoba wa sidii akiwa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Nilidhani ni baridi. Sikumuuliza. Bibi harusi alipofika mlangoni, nikafungua mkoba, nikakuta sidii mbili hazina maandishi. Mbili tu. Nikabahatisha.

Ukumbi mzima ukasikia wimbo wa kuzikia.

Bibi harusi alianza kulia. Mama yake akaja mpaka kwenye mashine, akaniangalia tu. Aibu ile sijawahi kuipata tena. Dakika kumi baadaye simu yangu ikatikisika. Idda. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliigeuza simu, kioo kikalala mezani. Nikasema nitamjibu nikirudi.

Ikatikisika tena. Na tena.

Mara tano.

Nilipokuja kupiga, simu ilipokelewa na jirani yetu, Oktavia. Alikuwa ametoka sokoni, akakuta mlango wetu uko wazi. "Kaka Ambrosi," alisema, "wewe njoo tu."

Baada ya maziko mama alikuja kukaa na mimi Makambako. Aliniuliza swali moja. "Hakukupigia?"

Nikamjibu, "Simu ilikuwa imeisha chaji, mama."

* * *

Ile sidii ya kijani sikumwonyesha mtu. Nikajiambia labda Idda aliiandika zamani, ikawa imejificha mahali. Lakini wino mbichi?

Kesho yake jioni nilitoka kumpelekea fundi spika. Niliporudi nikakuta nyingine, mpya, imetoka kwenye boksi nililonunua. Hii iliandikwa kwa wino mweusi.

"Kaka, nabanwa."

Nilikaa chini.

Nikaiweka kwenye kompyuta. Haikuwa na kitu. Sidii tupu.

Siku ya tatu: "Dawa ya kupuliza imeisha."

Siku ya nne: "Nimegonga kwa Oktavia. Hayupo."

Siku ya tano nilikuwa naogopa kutoka na naogopa kubaki. Nikatoka. Niliporudi...

"Hivi unaiona simu?"

Niliisoma nimesimama mlangoni. Chumba kilikuwa kinanuka wino na dawa ya kuchua ya mkaratusi, ile aliyokuwa anajipaka kifuani. Nyuma yangu mama akauliza, "Chakula nilete huko?" Nikaificha ndani ya koti. Mama hajui kusoma, lakini niliificha. Hakwenda shule hata siku moja. Kanisani, serikalini, kote anaweka dole gumba.

Usiku ule nilihesabu. Alinipigia mara tano. Ukiacha ile ya kijani, maneno yalikuwa yamefika manne.

* * *

Jioni iliyofuata nilimwambia mama nakwenda stendi. Nikafungua mlango, nikaufunga kwa kishindo, kisha nikazunguka nyumba na kusimama nje ya dirisha la chumba cha kazi. Ukungu ulikuwa umenizunguka pande zote.

Nikangoja.

Halafu mlango wa ndani ukalia. Mtu akaburuta kiti. Kisha nikasikia sauti ninayoijua kama jina langu, sauti ya maka peni juu ya plastiki.

Kwii... kwii... kwii...

Nikachungulia.

Alikuwa mama.

Alikaa ameinama, khanga imemdondoka begani, taa hajawasha, mwanga wa moto wa jikoni tu ukimfikia. Mkono wake, mkono wa jembe, vidole vimekakamaa, ulikuwa unaandika haraka haraka bila kusita. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Mama hajawahi kuugua kifua.

Sikumbuki nilivyoingia. Nilijikuta tu niko mezani.

"Mama!" nilinong'ona.

Hakugeuka. Nikaona anaweka kiduara juu ya i ya mwisho. Nikanyoosha mkono, nikaishika ile sidii.

"Usiishike, kaka," alisema. "Wino haujakauka."

Haikuwa sauti ya mama.

Nilishtuka, nikaivuta. Kidole gumba changu kikapita juu ya maandishi yote. Nilipoitazama kwa mwanga wa simu, palikuwa na neno moja linalosomeka: "Kaka." Mengine yalikuwa doa jeusi.

Maka peni ikaanguka. Mama akapepesa macho, akajifunika khanga.

"Ambrosi? Umerudi saa ngapi? Mbona nimekaa gizani?"

"Mama, ulikuwa unaandika."

"Mimi?" Akacheka kidogo, halafu akaona uso wangu, akaacha. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimechafuka wino.

Nikapiga magoti pale pale. Nikamwambia kila kitu. Kwamba simu ilikuwa na chaji. Kwamba niliona jina la Idda mara tano na nikageuza kioo chini kwa sababu ya wimbo. Nilitegemea atanipiga. Hakunipiga. Moto jikoni ukazima.

"Nisomee," alisema mwishoni.

Nikamsomea zile nne. Kila moja alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali.

"Na hii?"

"Imefutika, mama."

"Nani ameifuta?"

"Mimi."

* * *

Hapa ndipo penye jambo ninaloona aibu kulisema kuliko yote.

Kila jioni kuanzia kesho yake nilimkalisha mama mezani. Nikamwekea sidii mpya, nikamshikisha maka peni, nikazima taa. "Andika tena, mama. Ile ya tano tu." Nilitaka kujua. Alinilaani? Alinisamehe? Au aliomba tu maji?

Mama alikaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliitazama sidii kama unavyotazama mlango wa watu. "Mwanangu, mimi sijui kuandika," aliniambia. Nikasema jaribu. Nikasema kaa kidogo. Akawa anakonda, chakula anakigusa tu. Na kifua kilianza kupiga mluzi hata mchana, anapochota maji.

Nilipomsimulia Oktavia, aliniambia kuna mganga Wanging'ombe anayejua mambo hayo. Kisha huyo huyo Oktavia akasema kwa upole kwamba mama wa watu alikaa miaka mingi akimtazama binti yake akiandika, na uchungu unaweza kufanya mkono ufuate. Labda. Lakini maneno aliyatoa wapi? Kwamba Idda aligonga mlango wa Oktavia, alijua nani?

Jioni ya tisa mama aliegemea meza, akahema. "Ambrosi, nimechoka," alisema. "Mwache apumzike."

Nami nikamsogezea sidii nyingine.

Nikauona mkono wangu unaisogeza. Nikamwona mama, jinsi alivyoinama. Kwenye mwanga mdogo wa kutoka jikoni sikuweza kusema ni nani niliyemkalisha pale na kumzuia asiondoke.

Nikawasha taa. Nikaishika maka peni ili niitoe mkononi mwake. Vidole vyake havikuachia mara moja. Vilinishika. Kisha vikalegea, kimoja kimoja.

Nilimrudisha mama kijijini Yakobi kesho yake asubuhi. Tulipita kaburini, nikasema mbele ya udongo yale niliyotakiwa kuyasema kwenye simu. Mashine za sidii niliziuza. Kwa sasa napiga kwa flashi, na flashi haiandikwi.

Mama ni mzima. Kifua kilipona alipofika kwake, analima, anaimba kanisani. Hunipigia kila siku jioni, ukungu unaposhuka, na mimi hupokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, hata niwe katikati ya harusi.

Kwanza husikia pumzi. Kisha mama hunisalimu kwa kilugha chetu, "Kamwene, mwanangu."

Lakini ziko siku hasemi mwanangu.

Husema, "Kamwene, kaka," halafu hunyamaza, kama mtu anayetafuta maneno aliyowahi kuyaandika mara moja, yakafutika. Namsubiri. Sikati simu.