Nanga na Inanga

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kufua soksi, kuchota maji na kumpelekea Mwalimu Bonaventura chakula. Mbili za kwanza nilizifanya kwa kununa. Ya tatu niliikimbilia, na Mama alilijua hilo.

Mama ni muuguzi wa macho. Serikali ilimhamisha kutoka Singida kuja Kigoma nilipokuwa darasa la nne, tukapanga nyumba Rusimbi. Mwaka huo ninaousimulia, 2016, Mwalimu Bonaventura aliletwa mjini kutibiwa kutoka kambi ya wakimbizi. Alikuwa mtunzi wa muziki wa klasiki kutoka Burundi. Alipewa kibali cha siku kumi na nne, na kanisa jirani likampa chumba kidogo. Jicho moja lilifungwa bandeji. La pili liliona ukungu mtupu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwana wanje," alinijibu, yaani mwanangu kwa Kirundi. "Leo umeniletea migebuka au maneno?"

"Vyote viwili!"

Jamani, nilimpenda mzee yule! Alikula samaki wale huku vidole vikigonga meza, nami nikitazama tu. Mimi nilidhani muziki wa klasiki ni wa Wazungu waliokufa zamani. Alicheka sana nilipomwambia hivyo.

"Mimi naandika kwa nota kama wao, kila chombo na sehemu yake," alisema. "Tofauti ni kwamba mimi bado nakula migebuka."

Siku ya tisa alinipa memori kadi ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Humu mna muziki wangu. Tulirekodi wawili, mimi na fidla yangu, pamoja na mwanafunzi wangu Veneranda. Tulipokimbia tukapotezana. Sijui kama yu hai. Nimewaomba watu watafute jina lake mtandaoni, hawakuliona. Aliyekimbia haandiki jina lake kila mahali. Lakini muziki hawezi kuuacha, namjua. Ijumaa narudi kambini, na simu yangu ni kitochi, haiingii mtandaoni. Nisaidie kuuweka huu mahali watu wanaposikilizana."

Mama alituazima simu yake. Kulikuwa na tovuti ambamo watu wasiojuana waliweka muziki wao, na kila msikilizaji aliruhusiwa kuubandika lebo, yaani neno moja au mawili ya kuueleza. Ukibonyeza lebo, unaletewa muziki wote wenye neno hilo, hata kama umetoka upande wa pili wa dunia.

"Andika inanga," Mwalimu alisema.

Hapo ndipo ujuaji wangu uliponiponza. Kigoma watu wengi huchanganya Kiswahili na Kiha au Kirundi, nami mtoto wa Singida nilijiona kamusi. Nikasema moyoni, mzee anataka kusema nanga, huu lazima ni wimbo wa ziwani. Nikaandika "nanga". Kisha nikaongeza "bongo fleva" ili watu waje wengi.

Na kweli walikuja! Kesho yake nilimkimbilia nikihema.

"Mwalimu, wamesikiliza watu mia mbili na kumi na wawili!"

Alishika kichwa kwa furaha. "Wanasemaje?"

Nikasoma kimyakimya. Mmoja aliandika, "Bongo fleva gani hii? Mnatumalizia bando." Mwingine, mvuvi wa Mwamgongo, aliuliza, "Nanga yenu ni ya kilo ngapi? Nina mtumbwi."

"Wanasema wamefurahi," nikajibu.

"Na Veneranda?"

"Bado, Mwalimu."

Alitabasamu na kusema, "Atakuja." Nilitoka pale bila hata kuchukua bakuli.

Jumatano, Jeremia, jirani yangu tunayesoma naye darasa moja, alikuwa ameyaona maneno ya yule mvuvi, akaniita mbele ya wenzetu. "Asnath, siku hizi unauza nanga?"

"Ni jina la wimbo," nikasema kwa ukali. "Mwalimu anasema inanga, nami nikamsahihisha."

"Umemsahihisha? Wewe!" Jeremia alicheka mpaka akashika mbavu. "Inanga ni chombo cha muziki! Babu yangu anacho kule Kasulu. Ubao wenye nyuzi, unapiga huku unaimba kwa sauti ya chini."

Nilisikia aibu hadi masikioni. Nilijua naweza kubadilisha lebo kimyakimya. Mwalimu asingeona. Lakini nilikwisha kumdanganya mara moja, na tabasamu lake halikunitoka kichwani. Jioni nilimwomba Mama twende pamoja, nikasema yote, hata ya mtumbwi.

Vidole vya Mwalimu viliacha kugonga meza. Nilitamani anigombeze.

"Siku tatu hizi," alisema taratibu, "labda Veneranda amenitafuta kwenye inanga, nawe umenificha kwenye nanga."

Nililia. Mama hakunibembeleza. Alinipa simu tu, akasema, "Haya, andika anavyokwambia yeye."

Nikafuta yale ya uongo. Nikaandika herufi kwa herufi: inanga, fidla, klasiki mpya. Kisha Mwalimu akasema, "Ibonyeze hiyo ya kwanza. Tusikie waliotutangulia."

Ajabu niliyoisikia sitaisahau. Kwaya iliyoimba juu ya inanga kama watu wanaopokezana siri. Inanga na fidla zilizochanganywa na sauti ya mvua halisi. Watu hawa hawajawahi kuonana, lakini kila mmoja alibandika neno lilelile kwa uaminifu, basi wakakutana hapo kwenye simu ya Mama! Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Mzuri huyu. Huyu anajua."

Wa nne alikuwa mwanamke, anapiga inanga peke yake. Alijiita Nyuzi Nane tu. Alipiga kidogo, akanyamaza. Akapiga tena, akanyamaza. Nilidhani mtandao unakata.

Mwalimu alisimama ghafla, kikombe kikaanguka. Mwanamke aliponyamaza tena, mzee akaijaza ile nafasi kwa mdomo, kwa sauti ya fidla. Inanga ikaingia palepale alipoishia.

"Ni yeye," alisema, machozi yakilowesha bandeji. "Yu hai. Ameniachia sehemu yangu."

Muziki ule ulikuwa umewekwa miezi minane nyuma. Muda wote huo Veneranda alikuwa pale, chini ya neno lile, akingoja. Tukamwandikia kwamba Mwalimu yupo.

Ijumaa asubuhi, gari la kambini likiwa limeshawashwa, simu ya Mama ililia. Nikamsomea Mwalimu dirishani: "Niko Uganda, Mwalimu. Nilikuwa nasubiri fidla." Namba ya simu ilifuata. Nikaiandika kwenye kitochi chake, nikaihakiki mara tatu.

"Urakoze, mwana wanje," alisema. "Asante. Ungekaa kimya, ningeondoka bila yeye."

Gari lilipoondoka Mama alinishika bega.

"Pale soko la samaki Kibirizi, gunia la dagaa likiandikwa mji usio wake, linapanda lori lisilo lake, hata dagaa wawe watamu vipi. Neno la mtu liandike alivyolisema. Usilolijua, uliza. Na ukikosea, sema mapema, gari halijaondoka."

"Ndiyo, Mama."

"Na yule mvuvi umemjibu?"

Nilikuwa nimemsahau. Nikamwandikia: "Samahani, kaka, hatuuzi nanga. Nilikosea. Ila sikiliza inanga."

Jioni nilifungua simu nikakuta muziki wa Mwalimu una lebo mpya, aliyoibandika mtu wa Mwamgongo: "umetuliza ziwa". Hiyo sikuisahihisha.