Udongo wa Babu Kastori

Sanduku lilikuwa limeibwa, na mazishi yalikuwa kesho.

Inspekta Redempta alilikuta gari limeegeshwa kando ya migomba, nyumbani kwa Bibi Theodora, Uru. Milango mizima, vioo vizima. Kwenye kiti cha nyuma, mahali pa sanduku, palikuwa na jani bichi la sale lililofungwa fundo. Naye alikuwa mtoto wa mlimani. Sale alilijua kabla hajaijua sheria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nirudishie mume wangu."

Babu Kastori alikwenda machimbo ya dhahabu Mara akiwa kijana, akafia huko, akazikwa huko. Ukoo ule haukumwacha mtu wake ugenini. Mwili ukishindikana, huletwa udongo wa kaburi lake ukazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Basi mwanawe, Sylvanus, alimpakia mkewe Eva na binti yao Kindness, wakaipitia miji ya machimbo iliyokufa: Sekenke, Kiabakari, mpaka ule wa mwisho, alikozikwa babu, uliobakiwa na kuta na mbuzi. Jana jioni walirudi na sanduku la udongo. Bibi akalikumbatia, akaliimbia, kisha akataka lilale garini hadi padri aje. Ukoo ulishaitwa na pombe ya mbege ilishaiva. Kifua kilikuwa kinamsumbua bibi, naye aliapa hafi kabla hajamzika mumewe.

"Funguo alikuwa nazo nani?" Redempta alimuuliza Sylvanus.

"Mimi, afande. Lakini wezi wa siku hizi wana mbinu..."

"Wanaomba na msamaha?"

Kila Mchaga anajua: anayekuletea sale anaomba radhi, na kumkatalia ni mwiko. Mwizi wa mjini angejulia wapi?

Inspekta akainama garini. Udongo kidogo ulikuwa umemwagika kwenye zulia, mweusi, na ndani yake ganda la mua. Akaliminya. Lilikuwa bado na maji. Karibu apige kelele kwa furaha. Kaburi gani la Mara, safari ya siku mbili, lenye mua mbichi?

Akamvuta Eva pembeni.

"Makaburini aliingia nani?"

"Yeye peke yake. Alirudi mbio, anahema, viatu vyeupe pe! Kindness akamcheka, eti baba kaona mzimu."

"Njiani mlisimama wapi?"

"Bomang'ombe, tukikaribia kufika. Alisema anakwenda kuchimba dawa."

"Na sanduku?"

"Alikwenda nalo. Alisema analifuta vumbi." Eva akajishika mdomo. "Jamani, Sylvanus!"

Viatu vilikuwa barazani. Soli zilijaa vumbi jeupe lenye vichembe vya kumetameta, wala halikufanana hata kidogo na udongo wa garini. Redempta akavitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga kwa lakiri, akaenda kuuweka mbele ya Sylvanus.

"Sanduku liko wapi?"

"Afande, mimi..."

"Mama yako anasikia. Sema."

"Liko chini ya mikahawa," alisema. Kisha akamgeukia mama yake. "Kaburi hakuna, mama. Shimo la mgodi limeyameza makaburi yote. Nilisimama ukingoni, ardhi ikaanza kukatika, nikakimbia. Ningerudije mikono mitupu? Nikachota udongo wa sokoni Bomang'ombe ili moyo wako utulie."

"Na kuiba?" bibi akauliza.

"Uliliimbia, mama. Nikaona nimekupa takataka uziite mume. Kusema ukweli nilishindwa, na kuziacha uzizike nilishindwa pia."

Bibi Theodora alilitazama lile sale lililotolewa garini, na Redempta akahofia kifua chake. Kisha bibi akalichukua, akalilaza mapajani.

"Ulisimama ukingoni kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimwita?"

"Nilimwita kwa jina."

Machozi yakamtiririka bibi, wala hakuyafuta. Akamgeukia inspekta.

"Afande, mimi sina kesi na mwanangu. Naomba hivyo viatu."

Redempta aliwaza jalada, akawaza kituo, akakata lakiri kwa meno.

Bibi akatandaza kanga yake nyeupe. Akagonganisha soli taratibu, moja kwa nyingine, mpaka chembe ya mwisho ikaanguka. Hata kiganja hakikujaa.

"Ni kidogo mno, mama," Sylvanus alinong'ona.

"Kinatosha," bibi alisema, akikunja kanga. "Kastori alikuwa mtu mwembamba."