Herufi Mbili za Namkonda

Kama humjui Nesta Namkonda, mwalimu wa darasa la tatu anayekaa nyuma ya kanisa pale Tunduma, basi mjue kwa haya mawili: ana mwandiko mzuri na mdomo mkali. Mwandiko ulimpa sifa. Mdomo ndio ulioanza kumponza.

Jumamosi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Alifua, akaanika, akainjika maharage, kisha akafungua kompyuta mezani jua likiwa utosini. Alikuwa anajitolea katika kikundi kinachosaidia watu kutafuta asili ya koo zao. Kikundi kilipiga picha madaftari ya zamani ya mashamba, yale ya enzi za Mwingereza, na watu kama Nesta wakasoma kila ukurasa na kuchapa majina, ili mjukuu aliye popote aandike jina la babu yake na kumpata. Kila ukurasa ulichapwa na watu wawili wasiojuana. Wakipatana, unapita, wakitofautiana, unarudishwa kwao waangalie tena. Nesta alishamaliza kurasa za Igamba na Iyula bila kurudishiwa hata mmoja, na jambo hilo lilimvimbisha kichwa kuliko alivyokubali.

Siku hiyo akapewa daftari la Momba. Mstari wa saba ukamsimamisha. Shamba la bondeni, kati ya mto na jiwe jeupe: lile lile ambalo kaka yake Jastin analilima mpaka leo. Walikua wakiambiwa kwamba babu yao mkuu, Simkonda, ndiye aliyelifyeka likiwa pori. Daftari lilisema vingine. Mwenye shamba: Namkonda.

Asiye Mnyamwanga, kabila la Nesta, na aelezwe hapa. Ukoo ni mmoja, lakini jina lina milango miwili: mtoto wa kiume ni Simkonda, dada yake ni Namkonda. Hata asiyejua kusoma hakosei hilo. Shamba lilikuwa la mwanamke, na mwanamke huyo aliacha uzao.

Nesta aliujua uzao huo. Kwenye msiba wa baba yao alikuja bibi mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, jina lake Enesi. Alisema shamba lile lilikuwa la bibi yake. Hakudai ardhi wala mahindi; aliomba tu aonyeshwe kaburi, amwamkie bibi yake kabla naye hajafa. Nesta akamwita tapeli mbele ya waombolezaji wote. Akasema watu wa ng'ambo wakinusa udongo wa wenzao hujifanya ndugu. Watu wakacheka. Enesi alijifunga kitenge chake vizuri, akaondoka bila kunywa hata maji.

Sasa ukweli ulikuwa mezani kwake, na mwezi uliofuata wapimaji wangekuja kumpimia Jastin shamba apate hati. Nesta aliona aibu, tusimnyime haki yake. Uso ulimwaka. Lakini kukiri mbele za watu kulimtisha kuliko kujijua mwenyewe. Akanong'ona peke yake, "Aliyekufa hasomi." Akachapa Simkonda. Herufi mbili tu.

Baada ya dakika kumi ukurasa ukarudi. Mchapaji wa pili alikuwa ameandika Namkonda. Nesta akaongeza maelezo kwamba wino umefifia na kwamba mwenye shamba ni mwanaume. Akautuma. Hata maharage hayajaiva, ukarudi tena, safari hii ukiwa na maelezo ya mwenzake.

"Mimi si Si. Mimi ni Na."

Akampigia Fides, mratibu wao aliyeko Vwawa, akamuuliza kwa ukali ni nani anayemchezea. Fides akatafuta kwenye orodha yake.

"Dada Nesta," alisema, "daftari la Momba tumekupa wewe peke yako. Wa pili bado hatujampata."

Nesta akaifunga kompyuta. Maharage yakaungua.

Jumatatu alifika shuleni mapema kusaini kitabu cha mahudhurio. Juu ya nafasi yake akaona jina: Nesta Simkonda. Akafunua ukurasa wa nyuma. Simkonda. Akafunua mpaka Januari. Simkonda, kila siku, kwa mwandiko wake mzuri. Mwalimu mwenzake akampita mlangoni akimwita kaka, wala hakuwa anatania.

Saa nane mchana alikwenda kwa mama yake, kijijini Mpemba. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Tangu Nesta anazaliwa, mama huyu hakuwahi kumwita kwa jina jingine zaidi ya Namkonda. Aliinua uso, akatabasamu tabasamu la wageni, akamvutia kigoda cha wanaume.

"Karibu, Simkonda."

"Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kwa heshima. Heshima ile ndiyo iliyomkata maini.

"Binti yangu mmepishana," mama akasema taratibu. "Alikuwa amekaa pale."

Alionyesha mkeka. Nesta akainama, akaugusa. Ulikuwa kivulini. Ulikuwa na joto.

"Amesema hakai," mama akaendelea. "Ana barua ya kuandika."

Nesta hakumbuki alivyofika nyumbani. Alifungua ule ukurasa, akachapa Namkonda, na ukapita papo hapo. Akampigia Jastin, akamweleza kila kitu. Jastin alimtukana, akakata simu. Nesta akangoja. Asubuhi yake kitabu cha mahudhurio kilikuwa vile vile. Akaelewa kwamba tusi lililotolewa mbele za watu halifutwi chumbani.

Akavuka mpaka. Alimkuta Enesi nje ya nyumba yake, anachambua karanga na majirani watatu. Nesta akapiga magoti kwenye vumbi, wote wakiona. Enesi akashtuka.

"Inuka, tata," alisema, yaani baba. "Mwanaume hapigii magoti mtu asiyemjua."

Nesta akasema yeye ni Namkonda, yule wa msibani, yule aliyemwita tapeli. Amekuja kuomba msamaha. Sauti ilimtoka nzito, hata yeye akaisikia.

Enesi alitikisa kichwa.

"Namkonda alikuja jana. Alilia hapo hapo ulipo. Nimeshamsamehe. Tukaenda wote jioni ile ile, akanionyesha kaburi la bibi."

Majirani wakaitikia kwamba ndivyo. Nesta akainuka. Katika ukoo wao mzima, hakuna aliyejua kaburi hilo lilipo.

Enesi akafungua fundo la kitenge, akatoa karatasi. Barua aliyoacha, alisema. Nesta akaipokea. Mwandiko ulikuwa wake. Yote yalikuwamo: tapeli, vicheko, herufi mbili. Hata yale maneno mawili aliyonong'ona akiwa peke yake chumbani. Akaisoma mara mbili akitafuta cha kuongeza, hakukiona. Kila aibu yake ilikwisha kusemwa, vizuri kuliko ambavyo angeisema. Msamaha uliombwa, ukatolewa, na haukuwa wake. Akalia. Wale wanawake wakatazama pembeni, kama watu wanavyofanya mwanaume akilia.

Ilikuwa barua ya jana, lakini wino ulikuwa mbichi. Ulimshika kwenye kidole.

Huu ni mwaka wa pili. Tangu siku ile watu wamerudia kumwita Namkonda, na mama yake pia, ingawa mama kila mara humkazia macho kwanza, kama anayehakikisha. Nesta ameshajaribu sabuni, majivu, hata mafuta ya taa; wino hautoki kidoleni. Kanisani, wakati wa kupeana mkono wa amani, hukikunja kidole hicho ndani ya kiganja. Ukikigusa, nawe utachafuka.