Sinia la Ghorofa ya Nne

Jumanne ile baada ya Pasaka, foleni ya daladala kwenye uwanja uitwao Mexico ilikuwa imejikunja mara tatu. Watu wa Addis Ababa hupanga foleni kwa utulivu kama waendao komunyo, lakini asubuhi hiyo hewa yote ilinukia siagi. Mfungo mrefu wa kutoonja nyama wala siagi ulikuwa umekwisha. Kila mfuko wa chakula cha mchana ulibeba mabaki ya kuku na kondoo wa sikukuu.

Wubshet alisimama katikati ya foleni, suti ya kijivu, tai imelegea, mfuko mkononi. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi moja ya Kazanchis, umri miaka thelathini na minne, na tumbo limeanza kumtangulia milangoni. Mbele yake alikuwapo dada mmoja mrefu, gauni la rangi ya udongo, netela, shuka nyeupe nyepesi, imelala mabegani kama maziwa yaliyomwagwa kwa makusudi. Foleni ikasogea kwa kishindo, mfuniko wa kopo la Wubshet ukaachia, na mchuzi mwekundu wa kuku ukateremka juu ya weupe ule.

Dada akageuka. Hakumtazama yeye kwanza. Alishika pindo la netela, akalinusa.

"Hiki ni chakula cha mchana au taa ya kanisa?" akauliza. "Mafuta haya yangewasha utambi mpaka Jumapili."

"Nisamehe, dada. Shangazi yangu ndiye aliyenifungia."

"Shangazi yako anakupenda, au ana kisasi na wewe?"

Watu wa foleni wakacheka. Wubshet akaomba aichukue netela akaifue mwenyewe, na dada, ambaye jina lake ni Tsigereda na wote humwita Tsige, akakubali kwa sharti airudishe ndani ya wiki, kwenye duka lake la ushonaji kule Shiro Meda.

Aliirudisha Ijumaa, ina doa la waridi ambalo sabuni tatu zilishindwa kuling'oa. Tsige akalitazama, akamtazama aliyelileta, akasema afadhali angeiacha ichafuke kiume kuliko kuipaka poda. Wakanywa kahawa. Jumapili wakanywa tena. Wiki ya pili simu zao zilikuwa moto masikioni kila jioni, na wameshaanza kuitana "tumbo langu," kama wanavyoitana wapendanao wa mji ule, ambao wanajua mapenzi yanakaa wapi.

Lakini Tsige alikuwa na macho ya fundi, yanaona uzi mmoja uliokatika katika kitambaa kizima. Aliona Wubshet anakunywa glasi tatu za maji kabla kahawa haijamiminwa. Aliona anavyoinuka kwenda chooni, anarudi, anainuka tena. Siku moja akamshika mkono, akamwambia kesho hawanywi kahawa, kesho wanakwenda zahanati. Wubshet akacheka. Yeye hakucheka.

Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Sukari imepanda, akasema, ila bado inaweza kushushwa kwa mdomo na miguu. Akampa mpaka Jumatatu ile baada ya Pentekoste, mfungo wa Mitume unapoanza. Kama itakuwa haijashuka, ni sindano.

Mtihani ulikuwa hapo. Kati ya Pasaka na Pentekoste hakuna mfungo hata Jumatano, hata Ijumaa, siku ambazo kwa kawaida watu hufunga. Ni siku hamsini za siagi.

Walipotoka, Tsige alikaa kwenye ngazi za zahanati akafunga na kufungua mkoba wake.

"Baba yangu alikuwa nayo," akasema. "Mimi ndiye niliyemvua kiatu jioni moja nikakuta kidole cheusi. Baadaye mguu. Baadaye yeye mwenyewe. Sikiliza, Wubshet. Nakupenda. Ila sitamzika wa pili kwa ugonjwa ule ule. Nitakufungia chakula cha kila siku ya kazi. Wewe ukile tu. Unaweza?"

"Naweza, tumbo langu."

Basi akaanza kupika kabla jua halijatoka. Kopo lake lilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja injera moja tu, ule mkate mpana laini kama chapati, ya nafaka ya tefu nyeusi, imekunjwa kama leso. Cha pili dengu nyekundu zisizo na siagi. Cha tatu majani ya kabichi ya kienyeji yaliyochemshwa kidogo, kipande cha samaki wa ziwani, viazi vyekundu vilivyokatwa vidogo na kumwagiwa ndimu. Alimkabidhi pale Mexico kila asubuhi, na kila jioni kopo lilirudi limelambwa.

"Umekula?"

"Nimemaliza chote."

"Na shibe?"

"Mpaka saa kumi na moja sikumbuki njaa."

Alikuwa anadanganya, masikini, na uongo wake ulikuwa na sinia lake.

Ofisini kwao, ghorofa ya nne, saa sita ikigonga watu saba walivuta viti kuizunguka meza ya michoro. Katikati liliwekwa sinia moja kubwa, na kila mmoja alimimina kopo lake humo. Kuku wa huyu, nyama ya kukaanga ya yule, jibini, mayai, vyote juu ya injera moja pana, na saba nyingine pembeni. Hakuna aliyekula chake. Mtu wa kula peke yake, husema watu wale, atakufa peke yake. Na Mama Asnakech, mkuu wa utawala, mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa ameisimamia meza ile miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza Wubshet alishika kopo la Tsige kifuani sekunde mbili zaidi ya kawaida. Mama Asnakech akanyoosha mkono, akalichukua, akalimwaga. Kabichi na samaki vikaliwa na wengine vikasifiwa sana. Wubshet akala kuku.

Angesema. Lakini kusema una sukari, mbele ya meza nzima, ni kujivua shati barabarani. Watakuonea huruma, watakuita mgonjwa, mkuu wa kazi atasikia. Akanyamaza wiki ya kwanza, na ya pili ikawa rahisi zaidi.

Alhamisi ya wiki hiyo ya pili Tsige alisahau kumpa kichupa cha ndimu. Alikuwa anapeleka gauni la mteja Kazanchis, akaona ampitishie. Alipanda ngazi na vazi lake la kijani la kazini, futi ya kupimia ingali shingoni. Mlango ulikuwa wazi.

Akaona kopo lake tupu kando ya dirisha. Akaona samaki wake mdomoni mwa mzee asiyemjua. Akamwona Bezawit, mchoraji mwenzake Wubshet, msichana mwenye midomo iliyopakwa rangi ya zambarau na kicheko kisicho na breki, ameviringisha tonge la kuku na yai zima, siagi inatiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, analisukuma kinywani mwa Wubshet. Kwao tonge la mkono ni heshima, tena halikataliwi. Wubshet alikuwa amefumba macho, anatafuna.

Tsige akawasalimu wote kwa adabu, akaweka kichupa mezani, akasema waendelee, chakula kisipoe. Akashuka.

Wubshet alimpigia mara nane kabla hajapokea.

"Tsige, yule ni mwenzangu wa kazini tu, anamlisha kila mtu—"

"Sijauliza habari za yule."

"Basi umekasirikia nini?"

"Wiki mbili. Kila jioni nimekuuliza umekula, ukaniambia umekula. Nilikuwa nikilala usingizi mzuri kwa maneno yako."

"Wanamimina vyote pamoja. Ulitaka nijifiche nile pembeni kama fisi?"

"Nilitaka useme."

"Ni aibu, Tsige."

Kwenye simu ilisikika cherehani ya mtu mwingine ikikimbia, ikasimama.

"Baba naye aliona aibu," akasema. "Aliona aibu mpaka mguu ukakatwa, na hapo kila mtu akajua bila kuambiwa. Usinipigie tena mpaka ulitaje jina la ugonjwa huo kwa sauti mbele ya watu wanaokulisha. Ukishindwa, usinipigie kabisa."

Ijumaa Wubshet alijipikia dengu zilizoungua, akaenda kuzila kwenye ngazi za dharura kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Jumatatu hivyo hivyo. Mezani wakaanza kunong'ona. Mzee Aweke, mpima ardhi, alidhani wamemkosea. Bezawit alidhani anajiona ameshakuwa bosi. Jumanne mlango wa ngazi ulifunguliwa, na Mama Asnakech akapanda akasimama mbele yake, wengine wote wakimfuata.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Watu hawagombani hivi kwetu. Kama tumekuudhi, tuambie tukuombe radhi. Chakula chetu kimekuchafua?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini?" Akamtazama juu ya miwani, halafu sura yake ikalainika. "Ah. Umeweka nadhiri. Umemwahidi Mtakatifu Gabrieli hutaonja siagi mpaka akupe unachotaka. Ndivyo?"

Mlango ulikuwa huo, mpana, umefunguliwa na mkono wa mwingine. Nadhiri hakuna anayeihoji. Angetikisa kichwa tu, na meza yote ingemheshimu, wangempikia vya peke yake, wangemuombea. Wubshet alikitazama kijiko chake. Alimfikiria msichana wa miaka ishirini aliyepiga magoti, anamvua baba yake kiatu.

"Si nadhiri, mama," akasema. "Ni sukari. Nina ugonjwa wa sukari. Nisipoishusha kabla ya mfungo wa Mitume nitaanza sindano. Chakula kilichokuwa kwenye kopo langu alinipikia mwanamke ninayetaka kumuoa, mkakila ninyi, nami nikanyamaza."

Bezawit akashika mdomo wake. Mama Asnakech akafungua mkoba, akapekua chini ya leso na rozari ya shanga, akatoa pakiti ya vidonge iliyobanwa na mpira.

"Miaka minne," akasema. "Navimeza chooni."

Mzee Aweke akakohoa, akasema yeye ni presha, sita. Kijana wa kompyuta akasema mama yake anayo na anaogopa kupima. Bezawit akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe tumekuwa tukilishana sumu kwa heshima," akasema. "Na mimi nilivyokuwa nakuviringishia matonge, kaka yangu, si ningekuzika kwa mkono huu."

Wakacheka mpaka mlinzi akapanda kuuliza kuna nini.

Siku hiyo hiyo, saa saba, Wubshet akapiga simu.

"Nimelitaja."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Kwenye ngazi."

"Neno gani?"

"Sukari."

Tsige akavuta pumzi, akaitoa polepole. "Wamesemaje?"

"Mama Asnakech anataka kujua dengu zako huwa tamu vipi bila siagi."

"Mwambie ni kitunguu. Akikatekate kingi, akikaange sufuria kavu, bila tone la mafuta, mpaka kilie, kinyamaze, kiwe kahawia. Akiwa na haraka asianze." Halafu sauti ikashuka. "Na wewe, tumbo langu, umekula?"

"Sijala. Nimekungojea."

"Mshenzi wewe. Kula."

Sinia halikuondolewa mezani. Waliendelea kumimina vyote pamoja, ila sasa kilichomiminwa kilibadilika. Injera ikawa ya tefu nyeusi, moja kwa kila mtu. Siagi ikabaki nyumbani. Walianza kushindana: nani ameleta mboga isiyojulikana, nani ameweza kunde bila mafuta. Mama Asnakech alichoma sufuria mbili kabla hajakishinda kitunguu. Baada ya kula waliteremka wote saba kuzunguka jengo mara tatu, miwani ya mnyororo ikiongoza, wauza karanga wakiwapigia makofi.

Jumatatu ya mfungo wa Mitume Wubshet na Tsige walikaa bega kwa bega kwenye benchi la zahanati. Daktari akasoma karatasi, akaigeuza kana kwamba majibu mengine yako nyuma, akasoma tena.

"Nani anakufungia chakula?" akauliza.

Wubshet akamwonyesha kwa kidevu.

"Usimwache," daktari akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Hakutaka kumwacha, na kwa watu wale kijana hajiombei mke mwenyewe. Jumapili ya pili yake wazee watatu waliovaa shuka nyeupe walibisha hodi Gulele, nyumbani kwa mama yake Tsige: Mzee Aweke mwenye fimbo, baba yake mdogo Wubshet, na Mama Asnakech, ambaye wanaume walijaribu kumweleza kwamba hii si kazi ya wanawake, naye akawauliza nani kati yao angethubutu kumzuia. Wakakataa kuketi. Mjumbe haketi kabla hajajibiwa.

Tsige alikuwa nyuma ya pazia, mikono kifuani, gauni jeupe lenye nakshi ya dhahabu aliloshona kwa siku mbili. Mjomba wake, mtu mkali mwenye ndevu za mvi, akawasikiliza wakitaja ukoo hadi kizazi cha saba. Halafu akauliza lile linaloulizwa mwisho.

"Kijana wenu ana kasoro gani? Msinifiche. Mkificha nikaijua kesho, nitawarudishia aibu yenu."

Mzee Aweke akaipandisha fimbo.

"Ana sukari," akasema. "Ameishusha, lakini anayo. Ametutuma tuiseme kabla ya sifa zake zote."

Neno hilo lilikuwa limeingia katika nyumba ile mara moja tayari, na lilipotoka lilitoka na mtu. Mjomba akawa anatikisa kichwa, polepole, kuelekea hapana.

Mama yake Tsige alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mkaa wa kahawa. Sasa akasimama.

"Marehemu alikaa na ugonjwa huo miaka kumi na moja," akasema. "Neno hilo hakulitaja hata kwangu mimi mkewe. Nililisikia kwa mkata mguu. Huyu amelituma litangulie mlangoni kwangu mchana kweupe." Akamgeukia kaka yake. "Mpeni."

"Dada, fikiri."

"Nimefikiri miaka yote. Mpeni."

Mjomba akatazama wajumbe, akatazama dada yake, akawaonyesha viti kwa mkono wote. Wakaketi.

Desturi inamtaka bibi arusi atulie nyuma ya pazia, akae na haya yake, vigelegele wapige wengine. Lakini kabla mama hajavuta pumzi, kigelegele cha kwanza kilipasuka kutoka nyuma ya lile pazia, kirefu, chembamba, hakina haya hata kidogo, kikatoka dirishani, na majirani wa Gulele wakaanza kukipokea nyumba kwa nyumba.