Deni Halifi na Laini

Fundi alichomelea mageti ya watu tangu asubuhi. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, macho yanamuwasha, mgongo umekaza. Pazia liligawa chumba. Huku alilala yeye na mkewe, kule mama yake.

"Benki wamesemaje?" mke aliuliza.

"Wamekataa kutukopesha hela ya kujenga kwenye kiwanja chetu. Jina langu lina doa."

"Na mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa mwaka. Doa gani?"

Fundi alivua buti moja, akapumzika. "Ule mkopo wa simu, nilipovunjika mguu."

"Si ulisema umekwisha?"

"Nilitupa laini. Nikanunua nyingine."

Mama alikohoa nyuma ya pazia. "Mwanangu, kwani ukibadili kofia, kichwa nacho kinabadilika?"

Fundi alivua buti ya pili. "Kuna mtu mjini anasafisha majina. Anataka nimlipe kwanza."

Mke alitoka. Alirudi na jirani yao, karani wa chama cha akiba na mikopo.

"Shemeji, usimpe hata senti," jirani alisema, akiketi juu ya ndoo. "Huyo atakula hela yako na doa libaki. Mkopo uliandikwa kwa kitambulisho chako. Laini ungetupa hata gunia zima, deni lingebaki."

"Basi ndiyo imekwisha?"

"Haijaisha. Omba ripoti yako ya mikopo kwa wanaotunza taarifa za wakopaji. Ni haki yako. Uone unadaiwa na nani. Ukikuta kosa, lalamika lirekebishwe. Kisha nenda kwa aliyekukopesha, mpatane ulipe kidogo kidogo. Ukimaliza, usiondoke bila barua ya kumaliza deni."

"Halafu benki watanipa?"

"Si kesho. Doa hukaa muda, ila ripoti itaonyesha kwamba umelipa. Huku nyuma weka akiba kila mwezi kwenye chama chetu. Na ukija kukopa, kopa cha chumba kimoja. Kiasi ambacho hata mwezi wa njaa utarejesha."

"Na mwisho wa mwaka?" mke aliuliza.

"Mtapanga kwingine, dada. Sitakudanganya."

Mke aligeukia ukuta.

Walihama. Chumba kipya kilikuwa kidogo, na moshi wa chumba cha pili uliingia. Fundi alilipa deni. Miezi mingine akiba yake ilikuwa chenji tu. Yule karani aliipokea bila kucheka, akamwandikia risiti. Barua ya kumaliza deni ilipotoka, mama aliiweka chini ya godoro lake. Akiba iliendelea. Masika yalikuja, yakapita, yakaja tena.

Hatimaye chama kikamkopesha. Alijenga chumba kimoja na kibaraza, na mlango wa chuma akauchomelea mwenyewe.

Siku ya kuhamia, mama aliugonga kwa fimbo yake. "Mlango wa nani huu?"

"Wetu, mama."

"Sasa umesimama nje unamngoja nani? Ingia ulale. Umechoka."

Fundi aliingia. Alisinzia akiwa na buti miguuni. Mkewe alizivua, moja baada ya nyingine, taratibu, asimwamshe.